Mashine ya Mtani Wangu

Kaka yake mtani wangu alinipigia simu nikiwa dukani kwangu Iyunga, nimefungua kompyuta ya mteja iliyojaa vumbi la barabara kuu. Nikaibana simu begani nikaendelea kupuliza. Akanisalimia vizuri, akauliza hali ya Mbeya, akauliza mvua, akauliza watoto. Watu wa kwao hawarukii jambo. Mwisho akasema, "Mtani, njoo uizime ile mashine. Betri zimechoka na ukungu umetukalia, jua hatulioni. Kile kidude cha umeme kinalia pii, pii, kutwa nzima. Na mama hataki mtu mwingine aiguse."

Nikamwambia nitakuja. Nikakata simu, nikakaa na brashi ya vumbi mkononi, nashindwa kuendelea na kazi ya watu.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ya kawaida tu, kuukuu, isiyo na hata kifuniko cha ubavuni, imewekwa kwenye chumba cha uani cha nyumba yao kule Igowole. Ila tangu iwashwe ilikuwa haijazimwa. Mtani wangu, mwalimu wa hisabati wa sekondari, alijivunia jambo hilo kuliko cheti chake cha ualimu. Baba yake mzazi ndiye aliyemsaidia kupandisha paneli za sola juu ya bati, na ndiye aliyebonyeza swichi siku ya kwanza, kwa sababu mzee alitaka kuona kama hili jua la Mufindi, jua la kubahatisha, linaweza kuendesha kitu. Mzee akaja kufariki, mashine ikaendelea. Sasa mwenye mashine naye tulikuwa tumemzika, na bado ilikuwa inaendelea. Ndiyo maana mama hakutaka iguswe.

Mimi na mtani wangu tulikutana Iringa mjini, kwenye semina ya walimu na mafundi wa kompyuta. Wakati wa chai nilikuwa nawaeleza watu wa meza yangu uzuri wa Linux, na nilikuwa naeleza kwa sauti, maana mimi sauti ya chini sikupewa. Mtu mmoja mrefu, mwembamba, aliyevaa sweta la kufumwa kwa mkono, akaweka kikombe chini akasema taratibu, "Samahani ndugu, hicho unachokisifia ni viraka vilivyoshonwa na watu wasiojuana." Nikamuuliza yeye mwenzetu anatumia nini. Akasema BSD. Nikacheka mpaka watu wakageuka. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu hai anayetumia BSD, Nyanda za Juu Kusini nzima. Nikamwambia nilidhani mmebaki kwenye vitabu tu. Chai ikapoa, semina ikaendelea, sisi tuko nje kwenye baridi tunabishana.

Asiyezijua hizi habari asihangaike, ni rahisi. Kila kompyuta ina mfumo unaoiendesha, na mingi inauzwa ikiwa imefungwa, huruhusiwi kuchungulia ndani. Linux na BSD ni ya bure, na ndani pako wazi: unasoma ilivyotengenezwa, unarekebisha, unampa na jirani. Yote miwili imefuata nyayo za mfumo mmoja wa zamani unaoitwa Unix. Kwa hiyo sisi watumiaji wake ni kama Wamoraviani wa kwetu Mbeya na Walutheri wa kwao Iringa. Ukiwa mbali unaona ni wale wale, wanasali siku moja na wanaimba kwa sauti nne. Kaa nao ndani ndipo utajua wana ya kubishania mpaka jua lizame.

Mimi ni Mnyakyusa, yeye Mhehe. Watani wa jadi wa Wahehe ni Wangoni, sisi hatumo. Lakini ile semina haikuisha kabla hatujakubaliana kwamba tutakuwa watani wa mifumo, na yeye, kwa kuwa alipenda utaratibu, akanishika mkono kabisa mbele ya watu. Utani ukishaukubali una pande mbili. Upande mmoja ni ruhusa ya kusema lolote bila kununiwa. Upande wa pili ni kazi: ukifiwa, mtani ndiye anayechimba, anayefagia, anayevaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake ili wafiwa wapate kucheka kidogo na kupumua. Upande wa kwanza tuliutumia sana. Huo wa pili hatukuwahi kuuzungumza.

Kwenye mashine yake alitutengenezea baraza, ukurasa mmoja tu usio na picha wala rangi, tunaandikiana. Tulikuwa watu wachache waliotawanyika, Mbeya, Makambako, Njombe, Iringa, kila mmoja akiwa peke yake mjini kwake na ugonjwa huo. Humo ndimo tulimopigania kila kitu. Programu ipi ni bora kuandikia. Kama ni halali programu moja kuziamsha nyingine zote mashine ikiwashwa au kila moja iamke yenyewe. Kama mtu anayefungua mfumo wake kwa kubofya picha badala ya kuandika amri ni mwenzetu au ni mgeni. Unaweza kucheka, lakini kuna mtu wa Makambako alikaa miezi hatusalimii kwa sababu ya hilo la mwisho. Kila ugomvi, mtani wangu aliuanza namna moja. Anabandika mstari mmoja unaoonyesha mashine yake imekaa macho kwa muda gani, halafu chini anaandika: "Habari za asubuhi, wenzetu mnaowasha na kuzima."

Hapo hasira ilikuwa inanipanda mpaka masikioni. Kwangu Iyunga umeme ukikatika mashine inalala kama mimi mwenyewe ninavyolala.

Mara ya kwanza kufika kwao ndipo nilipomjua mama yake. Alikuwa uani anamenya viazi, mwanamke mfupi wa maneno machache, mzee wa kanisa, khanga moja kiunoni na nyingine mabegani kwa ajili ya baridi. Nikamsalimia kwa Kihehe, "kamwene", kwa lafudhi yangu ya Kinyakyusa, akanicheka waziwazi, na tangu hapo tukapatana. Sisi tulikuwa tumeendelea na ugomvi wetu kutoka stendi. Siku hiyo tulikuwa tunabishania leseni. Watu wengi wa Linux tunasema: nakupa bure, lakini ukiboresha ukampa mwingine, na yeye umpe vilevile na umwonyeshe ulivyofanya. Watu wa BSD wanasema: chukua, fanya upendavyo, hata ukiboresha ukaficha kabatini shauri yako, mradi utaje jina la aliyekupa. Nikamwambia huo ni ujinga, unawalisha wezi. Yeye akamgeukia mama yake.

"Mama, ukimpa jirani mbegu za viazi, utamwambia lazima na yeye akivuna agawe mbegu?"

Mama hakuacha kumenya. "Mbegu ukishampa mtu umempa," akasema. "Ukianza kumfuata shambani kumkagua, huko siyo kumpa. Huko umemtuma."

Mtani wangu aliruka juu kama aliyefunga goli. Mimi sikukubali. "Na akizila zote, mama? Asipande hata moja?"

"Basi atakuwa amezila. Na we utakuwa umetoa."

Mwenzangu alilibandika jibu hilo la mama barazani kabla hata viazi havijaiva, akaandika kwamba kesi imeamuliwa na mahakama ya juu.

Kitu kimoja tu mama na mwanawe hawakuelewana. Alama ya watu wa BSD ni kashetani kekundu kenye pembe na mkia, kamevaa raba, kameshika uma, kanatabasamu. Mtani wangu alikuwa amebandika stika yake mbele ya mashine. Sasa weka jambo hilo kwenye nyumba ya mzee wa kanisa, nyumba yenye kalenda ya dayosisi na picha ya harusi ya madhabahuni. Mama alipokaona mara ya kwanza alisimama mlangoni akauliza, "Na haka ndo nani?"

"Mtumishi tu, mama. Ndani ya mashine kuna vijiprogramu vinafanya kazi kimya kimya, mtu havioni. Hivyo ndivyo wamevichorea hako."

"Mtumishi mwenye mapembe mie sijapata kumwona."

Mimi nikachochea, kazi yangu ni hiyo. "Mama, wa kwetu Linux ni pengwini. Ndege mnene, mpole, ana adabu zake."

Akanitazama, akamtazama mwanawe, akaondoka. Hakugomba. Niliporudi safari nyingine nilikuta amefuma kitambaa cheupe, cha maua pembeni, kama vile wanavyofunikia makochi, na amekitandika juu ya mashine kikaning'inia mbele mpaka kikakafunika kashetani kote. Kukawa na amani ya namna yake. Mwana akija kufanya kazi anakikunja kitambaa juu, akiondoka mama anapita anakishusha. Hawakuzungumza tena kuhusu jambo hilo, wala hakuna aliyekosa hata siku moja.

Mtani wangu alipougua moyo alilazwa hospitali ya Tosamaganga. Nilipanda basi kutoka Mbeya nikamkuta amekonda, sweta limekuwa kubwa, miguu imevimba. Nilikuwa nimejiandaa njiani kusema maneno ya kumtia moyo, nikashindwa, nikamwambia, "Naona mfumo wako umeanza kukwama." Akafumba macho akacheka kwa kifua. Akaniambia wa kwake haujakwama, ni vifaa tu ndivyo vimechoka, na kwamba ingekuwa Linux ningekuta tayari wanaaga mwili. Tukaanza. Tulibishana mpaka sauti yangu ikatoka wodini, sista akaja kuuliza ni nani anagombana na mgonjwa.

"Sista, muache," akasema. "Huyu ni mtani wangu. Akininyamazia huyu ndo nitajua nakufa."

Sista akatuachia, ila akanionyesha kidole. Tulipobaki wawili, mtani wangu akavuta pumzi kwanza kabla ya kusema. "Ile mashine, nikienda, asiizime mtu wa BSD."

"Watu wa BSD si ndiyo wewe peke yako?"

Akacheka tena, akakohoa, nikamshika mgongo mpaka kikohozi kikatulia. "Ndiyo maana nakwambia. Njoo wewe. Usiiache ikatike na betri, diski zitaumia. Na usije ukachomoa waya kama mnavyozoea huko kwenu." Halafu akanitajia neno la siri la mashine. Lilikuwa tusi refu kwa Linux, limeandikwa kwa mkupuo bila nafasi. Tusi hilo alikuwa amenitukana nalo miaka yote mbele ya watu. Funguo alikuwa ameziweka mezani na mimi nazipita.

Nikamwambia utaizima mwenyewe ukistaafu. Akageukia dirishani. Nikajua. Iliniuma mno kujua, na bado nikaendelea kumtania kwa sababu ndicho kitu pekee alichokuwa amenialika kufanya pale. Nilipotoka nje nilisimama nyuma ya jengo nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, nikaukasirikia moyo wake, nikawakasirikia hata watu waliokuwa wanapita na chupa zao za uji.

Tulimzika Igowole kwenye mvua ile ndogo isiyokwisha. Kaka yake aliniletea sweta na kikombe chake, nami nikavaa, nikashika kikombe, nikaanza kutembea uani kwa hatua zake ndefu, kichwa kimeinama kana kwamba kila mlango ni mfupi. Watu wakaanza kunong'ona, ni yeye huyo, mtazame. Nikasimama mbele ya mchungaji nikamwambia taratibu, "Samahani ndugu, hicho unachokisifia ni viraka." Wakacheka. Walimu wenzake wakacheka, vijana wake wa darasani wakacheka, mama yake naye akacheka akajiziba mdomo kwa khanga. Nikaona naiweza hii kazi. Nikageuka nikasema, "Habari za asubuhi, wenzetu mnaowasha na kuzima." Hapo sauti ikaniishia. Nikabaki nimesimama na kikombe, mdomo wazi, kwenye sweta la mtu. Kwaya ikaona, ikaanzisha wimbo, ikanifunika.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi kaka yake akanipigia simu. Siku iliyofuata nilifunga duka nikaenda.

Igowole ilikuwa ndani ya ukungu, hata kanisa la ng'ambo ya barabara halionekani. Kaka yake alinipokea mlangoni akanieleza kwa sauti ya chini. Mama alikuwa amehamishia kigoda chake kule chumba cha uani. Huko ndiko anakochambulia maharage, ndiko anakosomea Biblia, na wao wakimwambia kuna baridi anasema ameizoea. Wameshamwambia kwamba betri zikiisha mashine itakatika yenyewe. Anajibu kwamba mtani atakuja.

Nikamkuta amekaa, ungo mapajani. Kitambaa kilikuwa mahali pake, kimeshushwa vizuri. Feni ya mashine ilikuwa inavuma vile vile, na kile kidude cha kugeuzia umeme wa betri kinalia pembeni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Umekuja." Akanisogezea kiti cha mwanawe. "Nimeshasonga ugali, umefunikwa huko jikoni. Tule kwanza."

Nikaangalia taa za betri. "Tumalize hii kwanza, mama, hizi betri hazitatungoja. Tutakula baadaye."

"Haya." Akaweka ungo chini. "Mie kamashine haka nilikuwa sikapendi, unajua mwenyewe. Lakini akiwa humu ndani nilikuwa nasikia mvumo huu huu. Sasa nikiwa jikoni nausikia, naona yupo. Najua hayupo. Siyo kwamba nimechanganyikiwa."

"Najua, mama."

Nilikunja kitambaa juu, nikaingia kwenye mashine kwa lile tusi. Nilikuwa nimekuja na diski yangu. Nikanakili mitihani ya zamani aliyowawekea wanafunzi, nikanakili na baraza lote, ugomvi wetu wa miaka. Wenzetu walikuwa wamehamia kwenye kundi la simu siku nyingi, na humo hakuna anayebishana, wanatumiana picha za heri ya Jumapili. Maandishi yalikuwa yanapita kwenye skrini na kila mahali niliona maneno yangu ndiyo mengi. Yake yalikuwa mistari miwili, mitatu, halafu yangu yanajaza ukurasa. Kwa hiyo hakuna kitu cha kusoma kilichopotea, nataka ieleweke. Kilichokuwa kinangoja kuzimwa ni ule mwendo wenyewe, ulioanzishwa na kidole cha mzee.

Nikauandika ule mstari wake, ule wa kuonyesha mashine imekaa macho kwa muda gani. Nikautazama. Kwa mara ya kwanza sikukasirika.

"Ukizima," mama akauliza, "siku mkija kuiwasha si itaendelea tu pale ilipofika?"

Ningeweza kumdanganya. "Itawaka, mama. Ila itaanza kuhesabu upya. Haitajua kama iliwahi kuwashwa na baba."

Akafikiri. Nje kaka yake alikuwa anakata kuni, kisha akaacha, nadhani alikuwa anasikiliza. "Zima," mama akasema. "Afadhali izimwe na mtu."

Nikaandika amri ya kuzima, vidole vyenyewe vikaandika kama nilivyoandika maisha yangu yote kwenye mashine za watu, nikabonyeza. Mistari ikashuka, moja baada ya nyingine, vile vijitumishi vyake vinaaga. Halafu ikasimama. Taa haikuzimika. Feni ikaendelea kuvuma. Kwenye skrini kulikuwa na sentensi mbili za Kiingereza peke yake.

Nilikuwa nimeandika amri ya kwetu. Kwenye Linux ukiagiza hivyo mashine inazimika kabisa, taa na vyote. Kwenye BSD amri hiyo hiyo inausimamisha mfumo tu na kuiacha mashine inapumua. Kuizima kabisa kuna herufi yake nyingine, na alishanieleza barazani nikamwambia huo ni ukaidi wa kizee. Yeye angeishi kwa kosa hilo mwaka mzima. Angelibandika kila asubuhi.

"Imekufa?" mama akauliza.

"Bado, mama. Nimekosea."

"Inasemaje hapo?"

Nikamsomea kwa Kiswahili. "Inasema mfumo umesimama. Inasema tafadhali bonyeza kitufe chochote, itaanza upya."

"Chochote?"

"Chochote."

Akainuka. Akafuta mkono wake kwenye khanga, kwanza kiganja, kisha nyuma ya mkono, kama anavyofanya akitaka kupokea meza ya Bwana. Sikumzuia. Ningesema nini? Akaweka kidole kwenye kile kitufe kirefu cha chini, akakibonyeza.

Skrini ikawa nyeusi. Feni ikapanda kwa kelele. Halafu kakatokea kenyewe, kashetani, kamechorwa kwa herufi tupu kutoka juu hadi chini ya skrini, pembe, mkia na uma wake, kwa sababu mtani wangu alikuwa ameagiza kaonekane kila mashine inapoamka, na kwa kuwa haikuwahi kuzimwa, nadhani hata yeye hakuwahi kukaona tena tangu siku ile ya baba yake.

"Aa," mama akasema. "Kenyewe." Mkono wake ukaenda kwenye kitambaa, ukakigusa, ukakiacha hapo juu kilipokunjwa.

Mistari ikapita upesi. Mama alikuwa ameinama, uso karibu na skrini, anaifuata kwa macho kana kwamba kuna mtu atashuka humo. Mimi nilikuwa naomba imalize haraka na naomba isimalize. Ikamaliza. Ikabaki nyeusi, na neno moja pembeni, na kialama kinachowaka na kuzima.

"Sasa inataka nini?"

"Inauliza jina, mama."

Akalitaja. Siyo lile tulilolijua sisi, lile la shuleni na la kwenye msalaba. Alilitaja la nyumbani, la Kihehe, ambalo sikuwahi kulisikia miaka yote hiyo. Alilitaja mara moja, kwa sauti ya kawaida. Kialama kikaendelea kuwaka na kuzima.

Nikashindwa kuvumilia. "Haisikii, mama. Inataka kuandikiwa."

"Hata yeye akikaa hapo alikuwa hasikii," akasema. Akanyooka, akarudi mpaka mlangoni, akashika kizingiti, akageuka akaiangalia ile skrini na kiti ambacho nimekaa mimi. Akaita tena lile jina, sasa kwa kuvuta, kwa sauti ya mtu anayeita kutoka jikoni. "Njoo bwana. Ugali unapoa."

Akangoja kidogo. Kile kidude cha betri kikalia. Kisha akaniambia, "Haya. Zima, mwanangu."

Nikaingia kwa lile tusi. Nikaandika amri ya kwake, kwa herufi ya kwake, polepole, nikaisoma tena kabla ya kubonyeza. Vijitumishi vikaaga. Taa ikazimika, feni ikapunguza, ikapunguza, ikanyamaza. Kaka yake akaingia akazima na kile kidude, nacho kikanyamaza, ndipo tukasikia jinsi nyumba ilivyo kimya.

Mama akakishusha kitambaa, akakinyoosha kwa viganja pande zote mbili mpaka kashetani kakafunikwa. Tukaenda jikoni, tukanawa, tukakaa. Ugali ulikuwa umepoa kweli.